Watu wa Kwenye Mchoro

Afisa wa masijala aliingia bila hodi, akatandaza mchoro juu ya meza ya Atuganile. Ulitoka kwenye kumbukumbu za kampuni ya Kimarekani iliyopanga mji huu zamani, na sheria ilitaka kila nyumba ifanane na mchoro wake.

"Hapa wamechorwa watu watatu. Wewe, mumeo, mtoto. Huyu bibi aondoke leo."

"Hao ni pambo tu, baba! Mchoraji aliwaweka nyumba isionekane tupu."

"Sheria haijui pambo."

Mama yake Atuganile, bibi mwenyewe, aliendelea kusali kitini. Atuganile akauinamia mchoro, akimwomba Mungu amfungulie njia. Ndipo akamwona mbwa, nje ya mlango.

"Na huyu je? Sisi hatufugi mbwa."

Afisa akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Basi nafasi ipo. Ila akae palepale alipochorwa."

Mama akainuka taratibu, akachukua mkeka wake, akaenda kuketi nje.

"Niletee chai huku, mwanangu," alisema.

Afisa aliutazama mchoro, kisha akamtazama yeye.

"Bibi," alisema, "mbwa amechorwa amelala."