Mgeni Asiyehesabiwa

Namsifu, mhandisi wa madaraja, alisota miaka mitatu ughaibuni kupata nyumba katika mtaa mchanganyiko wa weupe na weusi. Ni huko tu ambako msomi mweusi hakodolewi macho, na kila mtaa una idadi yake ya weusi, isiyoruhusiwa kuzidi hata kwa mtu mmoja.

Siku mama yake alipowasili kutoka Same, mlango wa nyumba uligoma kufunguka.

"Idadi imetimia," ulisema kwa upole, kwa Kiswahili. "Huyu ni nani wako?"

Wageni huhesabiwa, watumishi hawahesabiwi. Namsifu aliinamisha kichwa.

"Mfanyakazi wangu wa ndani."

Mlango ukafunguka. Alimkalisha mama kwenye kochi, akakimbilia jikoni kuchemsha chai, maana hakuwa na uso wa kumtazama. Aliporudi na sinia, mama alikuwa amejifunga kanga kiunoni, amepiga magoti, anasugua sakafu kwa tambara.

"Mama, jamani! Inuka."

"Usiniite hivyo, mwanangu," mama alinong'ona. "Si wanatusikia?"

Ukutani, jicho la mtaa, kamera ya kulinda idadi, likawaka, likawageukia. Namsifu akaweka sinia mezani.

"Na usisahau chini ya kochi," akasema kwa sauti.