Maswali ya Binti Nguchiro

Mwalimu Korongo aliwafundisha watoto wa wanyama kwamba kila hadithi ina mwanzo, kati na mwisho, akawakaririsha maneno hayo hadi sauti zikawakauka. Binti Nguchiro hakukariri. Yeye, kila hadithi iliposimuliwa, aliuliza tu.

"Nani huyo, Mwalimu? Alikuwa wapi? Ikawaje?"

"Nyamaza! Hadithi husikilizwa, haihojiwi," Korongo alimkemea.

Asubuhi moja ya mvua, Mama Kanga aliingia darasani akihema. "Maji! Mwanangu! Mguu! Mbwa mwitu!"

Korongo aliposikia neno "maji", akaruka upesi kwenda mtoni. Watoto walitaka kumfuata, lakini Binti Nguchiro akamsogelea Mama Kanga.

"Pole, mama. Mwanao alikuwa wapi mwanzoni?"

"Kwenye kichuguu."

"Ikawaje?"

"Mbwa mwitu alimkimbiza, mwanangu akajitosa kwenye shimo la kichuguu, mguu ukanasa. Mbwa mwitu kaenda zake, lakini sasa mvua inalijaza shimo!"

"Basi mwisho bado haujafika," alisema Binti Nguchiro. "Twendeni kichuguuni!"

Wakachimba kwa kucha na midomo, wakamtoa Kinda Kanga akiwa amelowa chapachapa, lakini mzima.

Korongo alirudi mikono mitupu, akaelezwa yote, akainamisha shingo yake ndefu. "Nilisikia neno moja nikaruka," alikiri.

Kesho yake alisimulia hadithi hadi katikati, kisha akanyamaza.

"Haya, wanangu, niulizeni."

Darasa zima likalipuka kwa maswali, na aliyepaza sauti kuliko wote alikuwa Kinda Kanga.