Njaa ya Rubani

Rubani alipenya ua wa miiba mikono ikiwa imefungwa kamba, akaanguka katikati ya kuku wa bibi kizee, Cucu Waceke, akainuka akaendelea kukimbia. Nyuma yake, kwenye vumbi la kijiji cha Gatuanyaga, askari wawili wenye bunduki walikuwa wakipiga kelele.

"Simama! Ngoja, wewe!"

Alijitosa jikoni. Cucu Waceke alikuwa akikoroga githeri ya mahindi na maharagwe.

"Nifiche, Cucu! Wakinipata nimeisha."

Kikongwe huyo alitazama sare iliyoraruka na damu iliyotapakaa shavuni. Akakata kamba kwa kisu cha vitunguu, akamsukuma nyuma ya magunia ya mahindi. Kisha akaangalia kidole chake kilichogusa ile damu, akakinusa.

"Hii si ni tomato sauce?"

"Ndiyo. Ya karibu na mdomo nimeshailamba."

Ikabidi aseme ukweli. Aliitwa Lenny, mwigizaji kutoka Mwihoko. Walikuwa wakipiga filamu ya vita kule kwenye machimbo ya mawe: ndege inatunguliwa, rubani anatekwa, anaponea mizizi ya porini, mwishowe anatoroka. Mwelekezi, jamaa anayeitwa Muriithi, alitaka mashavu yaliyobonyea kikweli, kwa hivyo tangu jana Lenny alikuwa akipewa maji tu. Leo, kamera zikiendelea kunasa, upepo ukaleta harufu ya githeri. Miguu ikaondoka yenyewe. Alipokuwa akitokomea vichakani, alimsikia Muriithi akipiga makofi na kusema hajawahi kuona uigizaji kama huo.

"Na huyo rubani wa filamu, nani alimnyima chakula?" Cucu aliuliza.

"Maadui."

"Na wewe?"

"Director."

"Sasa tofauti iko wapi?" Akamjazia sahani hadi ikafurika.

Lenny aliipokea kwa mikono miwili. "Lakini Cucu, hao askari wasinione nikikula. Huyo mrefu anaitwa Mwas. Director alisema nikionja kitu kabla tumalize, part yangu inaenda kwa Mwas. Na vile anaitaka!"

Hakuwa amemeza hata kijiko cha kwanza mlango ulipogongwa. Cucu aliufungua kidogo, akaziba nafasi kwa mwili wake. Mwas na mwenzake Maluki walikuwa wamesimama pale wakihema, bunduki za mbao begani.

"Cucu, umeona rubani akipita hapa?"

"Rubani? Hapa vitu viko na mabawa ni kuku tu. Jaribuni huko mtoni."

Nyuma ya magunia, Lenny aliacha kutafuna.

Mwas hakuondoka. Alinusa hewa ya jikoni. Akageuka, akachungulia barabara yote mpaka kwenye kona, kisha akaegemeza bunduki ukutani na kuvua kofia.

"Cucu," alinong'ona, "hata sisi hatujakula tangu jana. Tufiche kabla director afike."