Taya la Mama wa Kale

Siku hizi mtalii anayefika kwenye visukuku vya jangwa la Turkana huruhusiwa kugusa mfupa mmoja, akaona alichokiona mwenye mfupa enzi za uhai wake. Kerubo aligusa taya la mwanamke wa kale. Papo hapo mchanga ukawa ziwa, viboko wakaibuka majini, na mtoto mwenye nywele mwili mzima akamkimbilia kifuani.

"Umeona nini, mama?" aliuliza Lokwawi, kiongozi wa msafara.

"Nimemwona mwanangu," Kerubo alisema huku machozi yakimtoka. "Nimemnusa nikamjua."

Jioni ndege ilimrudisha Kerubo nyumbani Nakuru. Binti yake Moraa alimrukia mlangoni. Kerubo alimkumbatia, pua yake shingoni mwa mtoto.

"Mama, mbona unaninusa?"

Kerubo alivuta pumzi tena, akiitafuta harufu ya yule mwingine.