Shingo ya Mwongozaji

"Dubwana gani hilo, linakaba watu kama linabembeleza mtoto?" mwongozaji alifoka. "Sura huna, na mikono pia huna?"

Ndani ya vazi la mpira, jasho lilimchoma macho msichana aliyeambiwa sura yake haifai televisheni, akavishwa dubwana.

"Washa kamera! Hebu njoo unikabe mimi, hawa vijana waone."

Msichana akamkaba. Kucha za sponji zilikunjika, vidole vyake mwenyewe vikaipata shingo. Mwongozaji akatupa miguu huku na huku, macho yakamtoka pima. Waigizaji wakapiga makofi.

"Kumbe bosi anajua kuigiza!" alisema mpiga picha, akaendelea kurekodi huku akisubiri kuambiwa "Kata!"

Na aliyeruhusiwa kulisema neno hilo alikuwa mwongozaji peke yake.