Uma wa Mbele

"Mbovu!" alisema Fundi, na uma wa baiskeli ukaruka kutoka kibarazani kwake ukatua mtaroni, mtaa mzima ukiona.

Mama Vyuma aliacha duka lake la vipuri wazi akavuka barabara, ndala moja mguuni, nyingine mkononi.

"Mbovu macho yako! Huo wa tatu, Baba Upepo. Wa kwanza ukasema mwembamba. Wa pili ukasema shingo fupi. Huu nao una nini?"

"Mshono. Hapa juu, miguu inapokutana na shingo. Wamechomelea juu juu, halafu wakapaka kromu kufunika aibu. Mtu akiingia shimoni nao, gurudumu linakwenda zake, yeye anatua kwa meno."

Watu wakaangua kicheko. Kwenye kibaraza cha fundi baiskeli hapakosekani watu. Habari za mtaa hufika pale kabla hazijatokea. Na neno la Fundi ndilo lililouza vipuri au kuviozesha. Tangu autupe uma wa kwanza, wateja walikuwa wakiingia kwa Mama Vyuma, wanaugonga uma kwa kucha kama wanaopima tikiti maji, kisha wanaurudisha ukutani. Alikuwa mgeni mtaani, na duka lile ndilo lililomlisha.

Yote hayo kwa ajili ya baiskeli moja. Ilining'inia ndani kwa Fundi, ukiiona kila pazia lilipopepea: rangi ya chungwa, siti pana ya ngozi, matairi manene, usukani uliorudi nyuma kama pembe za ng'ombe. Baiskeli ya kutembea taratibu watu wakuone. Alikuwa akimuundia binti yake, Upepo, aliyebatizwa hivyo na mtaa kwa jinsi alivyoshuka mlima wa sokoni bila kugusa breki. Ilibaki uma wa mbele tu, wa kushika gurudumu.

"Basi mwite mwenyewe!" Mama Vyuma aling'aka. "Mwite Upepo atoke, aupande hapa hapa mbele yetu, tuone kama utavunjika!"

Kicheko kikakatika. Mshona nguo wa jirani akainamia nguo ambayo alikwisha kuimaliza. Mmoja akakumbuka ameacha chungu motoni. Mtaa ule, usioweza kutunza hata siri ya wali ulioungua, ulinyamaza kimya.

"Amepumzika," Fundi alisema.

Mama Vyuma akaona wanamlinda mtu wao. Akauokota uma mtaroni, akaufuta kwa upindo wa gauni, akampelekea muuza mikate aujaribu.

Muuza mikate aliufunga kwenye baiskeli yake, akajaza kreti mbele na nyuma, akapita nao kila shimo la njia ya stesheni, mengine kwa makusudi. Alipourudisha, mshono haukuwa na ufa hata wa unywele.

Jioni, vigoda vya kibarazani vilipobaki vitupu, Mama Vyuma akaja nao.

"Haya, Baba Upepo. Nionyeshe kinachovunjika."

Fundi aliugeuza kwenye mwanga wa taa. Akapitisha ukucha wa dole gumba juu ya mshono, taratibu, kama anayepapasa kovu. Akaugonga kwa spana. Uma ukalia sauti moja nyembamba, ndefu, safi, ikaenda mpaka ndani.

"Mzima," alisema kwa sauti ya chini. "Hata ule wa kwanza ulikuwa mzima."

"Sasa mbona unaniua, baba? Nimekukosea nini mimi?"

Fundi alisogeza pazia kidogo. Kitandani, mkabala na ile baiskeli ya ukutani, msichana alikuwa ameegemea mito. Miguu yake chini ya shuka ilikuwa imelala upande mmoja, kama nguo zilizovuliwa.

"Madaktari wameniambia mimi," Fundi alinong'ona. "Yeye hajui. Nami mjinga nikamwahidi: baiskeli ikikamilika, siku hiyo hiyo utainuka uipande."

Mama Vyuma aliushusha uma.

"Ingia, jirani. Mwambie wewe habari za uma. Mimi ameshanizoea."

Waliingia. Fundi aliunyoosha mguu mmoja wa binti yake, akauweka sawa juu ya mto. Upepo hakugeuka hata kidogo; macho yake yalikuwa kwenye kile alichoshika mgeni.

"Wewe ndiye shangazi wa duka? Nasikia tu makelele yako toka humu!" Akacheka. "Haya, vipi safari hii? Umefaa?"

Fundi alimtazama Mama Vyuma. Mtu aliyemdhalilisha mbele ya umati, sasa alikuwa akimwomba kwa macho, kama mtoto.

Uma ulikuwa mzito mkononi. Duka zima lilikuwa ndani ya uma ule.

"Mbovu, mwanangu," alisema. "Mshono umeoza kabisa. Baba yako ana jicho, mimi nilikuwa nabisha bure. Nitaagiza mwingine."

Fundi alishusha pumzi. Akajifuta uso kwa kitambaa cha grisi, akaenda uani kuangalia chakula.

Nyayo zake zilipofifia, Upepo alinyoosha mkono akamshika Mama Vyuma kwa nguvu.

"Nimeusikia ulivyolia," alinong'ona. "Mzima huo. Asante, shangazi. Na utakaofuata nao uwe mbovu. Mimi madaktari waliniambia kabla yake."

Kisha akainua sauti, ile ya kushuka mlima.

"Baba! Pakua sahani tatu! Shangazi anakula na sisi."