Jiwe la Foleni

"Kitabu kinasema bidhaa zilipoadimika nchi nzima, serikali iligawa sukari na kila mtu akapata," alisema Mwalimu Sikudhani. Kisha akaweka jiwe sakafuni, mbele ya ubao. "Hili ni la mama yangu. Watu walipochoka kusimama nje ya duka la ugawaji, kila mmoja aliacha jiwe limshikie nafasi. Duka halikufunguliwa."

Mkaguzi wa elimu akasimama nyuma ya darasa. "Mwalimu, fundisha kilichoandikwa, kama kazi unaitaka. Ondoa hilo jiwe."

"Siliondoi. Bado liko kwenye foleni."

Msichana wa dawati la mbele akatoka nje, akarudi na jiwe, akaliweka nyuma ya lile. Mwenzake akamfuata. Kengele ilipolia, mawe yalikuwa yamefika kwenye viatu vya mkaguzi.